Mtambo wa Kuosha Madirisha: Pima Siku Yako Kabla Hujakopa



Leo naweka kando habari ya seva na hifadhidata ili tuongee kuhusu ndoo, sabuni na madirisha. Msinishangae. Mtu akisomea sayansi ya kompyuta miaka minne anatoka na mambo mengi ambayo atayasahau, lakini kuna moja ambalo halimtoki: ukitaka kitu kiende kwa kasi, tafuta kwanza mahali kinapokwama. Kanuni hiyo haikuandikiwa kompyuta peke yake. Naona ikipuuzwa na vijana wengi wenye biashara ndogo hapa Nairobi, na bei ya kuipuuza si ndogo. Ni mkopo wa mwaka mzima, ni gari lililowekwa rehani, na pengine ni shingo ya kijana aliyetumwa juu ya ngazi.

Jamaa yangu mmoja, tuliyekuwa naye shule ya upili, ana biashara ya kuosha madirisha. Ana vijana wanne, yaani timu mbili za watu wawili wawili, pikapu moja iliyozeeka, na wateja wa kila aina: afisi za orofa tatu nne kule Westlands na Kilimani, shule kadhaa, na nyumba za watu Lavington. Sasa anataka kukua. Ameletewa bei ya mtambo kamili wa maji safi na anataka kukopa aununue. Akaniuliza, "Wewe mtu wa hesabu, unaonaje?"

Naona hivi: mtambo ni mzuri, lakini kwake si ununuzi wa kwanza. Ngoja nieleze, kwa sababu jibu hili si la dirisha tu. Hata kama wewe una kinyozi, mashine ya posho ama duka la kuchapisha, hesabu ni ile ile.

MTAMBO WENYEWE NI UPI

Kwa wasioijua kazi hii, kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya zamani: unalowesha kioo kwa maji ya sabuni, kisha unavuta maji kwa kipangusio cha raba. Kipangusio hicho cha mkono mmoja, chenye ukanda mmoja wa raba, kiliwekewa hataza miaka ya 1930 na Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa akiosha madirisha Oakland, California. Miaka zaidi ya 80 imepita na umbo lake ni karibu lile lile. Kitu kikidumu hivyo bila kubadilishwa, jua kinafanya kazi.

Njia ya pili ni mpini wa maji. Ni mpini mrefu unaorefushwa kama antena ya redio, wenye brashi kileleni na mpira wa maji ndani yake. Mwoshaji anasimama chini, anasugua kioo cha orofa ya tatu, anasuuza, kisha anaondoka. Hapangusi. Maji yanakauka yenyewe na kioo kinabaki bila doa.

Siri iko kwenye maji. Maji ya kawaida yana chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani. Tone likikauka, maji huenda hewani na madini hubaki juu ya kioo. Hayo ndiyo madoa meupe tunayoyaona kwenye gari lililooshwa juani. Ukiyaondoa madini kabla ya kuosha, hakuna cha kubaki. Kipimo chake huitwa TDS, na huhesabiwa kwa sehemu katika milioni. Waoshaji wanaotumia mpini hutaka maji yaliyo chini ya 10. Ili kufika hapo unapitisha maji kwenye mtungi wenye chembechembe za resini zinazonasa madini, ama kwanza kwenye utando unaochuja kwa shinikizo, halafu kwenye resini.

Hapa Nairobi jambo hili lina utamu na uchungu wake. Maji ya mfereji yanayotoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ni laini, hayana madini mengi. Lakini majengo mengi hutegemea visima virefu vilivyochimbwa, na maji ya visima hivyo huwa na madini mengi, floridi ikiwemo. Na resini haina huruma: mtungi ule ule ukilishwa maji ya kipimo cha 300 utachoka karibu mara tatu upesi kuliko ukilishwa maji ya 100. Kwa hivyo watu wawili wanaweza kununua mtambo mmoja siku moja. Mmoja akasifu, mwingine akalia kila mwezi dukani kwa resini. Utando nao unasaidia, lakini unamwaga sehemu kubwa ya maji kama taka, na mji huu una mgao wa maji.

Kipimo cha TDS chenyewe ni kidude kidogo cha mkononi, bei yake haifiki hata robo ya bei ya ngazi nzuri. Nunua hicho kwanza. Zunguka kwa wateja wako wote, pima maji ya kila bomba, andika. Hujui gharama ya mtambo mpaka umefanya hivyo, hata kama muuzaji ameshakupa bei.

SIKU YA DAKIKA 600

Sasa turudi kwenye kanuni yangu. Mwaka 1967 Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta wa Marekani aliyekuwa IBM, alieleza jambo ambalo leo hufundishwa kila chuo: ukiongeza kasi ya sehemu moja ya kazi, faida unayopata inawekewa mpaka na sehemu zile ambazo hukuzigusa. Ikiwa sehemu uliyoiboresha ni asilimia 40 ya kazi yote, hata uifanye iwe ya papo hapo, asilimia 60 iliyobaki itakungoja pale pale.

Tuchukue siku ya mfano ya timu moja, dakika 600 ukiondoa muda wa chakula. Nimezungusha namba ili hesabu iwe rahisi:

Barabarani na msongamano: dakika 150.
Kungoja langoni, kuandikisha vitambulisho, kumtafuta msimamizi wa jengo: dakika 60.
Kupanga vifaa, kuteka maji, kuhamisha ngazi: dakika 100.
Kuosha kioo chenyewe: dakika 240.
Risiti, simu na kufuatilia malipo: dakika 50.

Angalia vizuri. Hii ni biashara ya kuosha madirisha, na kuosha madirisha kunachukua dakika 240 kati ya 600. Asilimia 40. Zilizobaki ni safari, soja wa lango na karatasi.

Muuzaji atakwambia mpini wa maji unaosha mara tatu upesi. Tumkubalie. Dakika 240 zinakuwa 80. Ngazi nazo zinapungua, ingawa sasa kuna kujaza tangi na kukunja mpira, kwa hivyo tuseme ile 100 inakuwa 90. Jumla umeokoa dakika 170. Kazi ya dakika 600 sasa inachukua 430. Yaani kwa siku ile ile unaweza kufanya karibu asilimia 40 zaidi. Si mara tatu. Asilimia 40. Si haba, lakini si kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya bei.

Sasa tufanye jambo jingine lisilonunuliwa dukani. Panga wateja kwa mitaa: Jumatatu ni Westlands na Parklands, Jumanne Kilimani na Lavington, asipangwe mteja wa Karen katikati ya siku ya Ngara kwa sababu tu amepiga simu. Tuma majina na nambari za vitambulisho langoni jioni ya siku iliyotangulia. Safari ikishuka kutoka 150 hadi 75, na kungoja kutoka 60 hadi 20, umeokoa dakika 115. Kazi ya 600 inakuwa ya 485. Hiyo ni karibu asilimia 24 zaidi, bila mkopo wowote. Daftari na simu tu.

Lakini utamu wenyewe uko hapa, na ndio sababu nimeandika haya yote. Chukua siku iliyopangwa, ile ya 485, halafu sasa leta mtambo. Toa zile dakika 170. Inabaki 315. Kutoka 485 hadi 315 ni ongezeko la asilimia 54. Mtambo ni ule ule, bei ni ile ile, muuzaji ni yule yule. Ukinunuliwa kabla ya kupanga siku unakupa 40, ukinunuliwa baada unakupa 54. Utaratibu peke yake umeifanya mashine iwe bora zaidi.

Hilo ndilo ambalo watu hawaambiwi. Mashine huongeza nguvu ya mpangilio ulionao tayari. Kama mpangilio wako ni fujo, umekopa ili uharakishe kipande kimoja cha fujo.

DAKIKA ZIGEUZWE SHILINGI

Benki haipokei dakika, kwa hivyo twende kwa pesa. Tena namba za mfano, weka zako.

Tuseme timu inaingiza shilingi 6,000 kwa siku. Mtambo, pamoja na mpini, tangi, pampu na machujio, tuseme ni 350,000. Unakopa kwenye Sacco kwa asilimia 1 kwa mwezi ya salio linalopungua, miezi 12. Kila mwezi utalipa kama shilingi 31,100.

Mtu aliyenunua bila kupanga siku anatoka 6,000 hadi karibu 8,400. Ziada ni 2,400 kwa siku iliyojaa. Ili alipe mkopo anahitaji siku 13 zilizojaa kila mwezi, kabla hajanunua resini.

Mtu aliyepanga kwanza alishafika kama 7,400 bila deni. Mtambo unamtoa hapo hadi 11,400. Ziada ni 4,000. Siku 8 zinatosha mkopo. Ongeza mbili za resini, brashi na mafuta ya pikapu, anahitaji siku 10.

Tofauti ya siku tatu ama tano kwa mwezi ndiyo inayoamua kama mwezi wa tisa utaamka ukienda kazini ama utaamka ukizima simu.

Na tazama nilivyosema: siku ILIYOJAA. Mtambo hauleti mteja. Unaokoa muda tu, na muda uliookolewa bila kazi ya kuujaza ni vijana wawili wamekaa nyuma ya pikapu saa nane mchana wakiangalia simu. Kwa hivyo swali la kwanza kabla ya kukopa si "mashine ni kiasi gani?" Ni hili: "nina kazi ya kujaza siku ngapi ambazo leo nazikataa kwa kukosa muda?" Kama kila mwezi unakataa kazi ya siku kumi, una hoja. Kama hukatai kazi yoyote, unachohitaji ni wateja, na mpini wa nyuzi za kaboni haupigi simu kutafuta wateja.

Jambo la pili ni kalenda ya malipo. Mkopo unadai kila mwezi. Kampuni kubwa hulipa ankara baada ya siku 30, 60, hata 90. Kazi za serikali zina mlango wake kwa vijana, kwani tangu 2013 asilimia 30 ya zabuni imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini kila mtu Kenya anajua habari ya madeni ya serikali yanayokaa. Kwa hivyo unaweza kuwa na kazi tele, vitabu vyako vikionyesha faida, na bado ukashindwa kulipa awamu ya pili. Nionavyo mimi, usitie sahihi kabla ya kuwa na awamu tatu mkononi. Kwa mfano wetu ni shilingi 93,300. Ukiona hizo huwezi kuziweka kando, mtambo huo bado haujafika zamu yake.

Jambo la tatu ni mikopo ya simu. Ni rahisi, na ndiyo maana ni hatari kwa ununuzi wa aina hii. Chukua Hustler Fund, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022: mkopo wake wa mtu binafsi ulianza na shilingi 500 hadi 50,000, riba asilimia 8 kwa mwaka, muda wa kulipa siku 14. Riba si mbaya. Lakini siku 14! Mkopo wa wiki mbili ununue raba, sabuni na mafuta ya kazi ambayo malipo yake yanakuja wiki ijayo. Kununua nao chombo cha miaka mitano ni kujenga nyumba kwa pesa za nauli.

La nne ni kodi. Wengi wetu wadogo tuko kwenye kodi ya mauzo, ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliipandisha kutoka asilimia 1 hadi 3. Kodi hiyo hukatwa kwenye mauzo yote kabla ya gharama. Kwa hivyo yule anayekushawishi kwamba "mashine itakupunguzia kodi" anaongea na mtu mwingine, si wewe. Ila dai risiti ya eTIMS hata hivyo, kwa sababu siku ukikua na kuhamia kwenye kodi ya faida, ndipo gharama zako zitakapohesabiwa.

USALAMA HAUINGII KWENYE HESABU HII

Hapa najua kuna mtu atanipinga, na ana haki. Atasema: "Wewe unahesabu dakika, lakini mpini wa maji unamtoa kijana juu ya ngazi. Hiyo si kasi, ni uhai."

Kweli kabisa. Kule Uingereza kanuni za kazi za juu zilizopitishwa mwaka 2005 zinamtaka mwajiri kwanza aepuke kazi ya juu kabisa pale inapowezekana, na mpini wa maji ulipata nguvu nyingi kutokana na fikra hiyo. Hapa kwetu Sheria ya Usalama na Afya Kazini ni ya 2007, na mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ambayo inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Ni wangapi wenye vijana wanne wanaoilipa bima hiyo? Sitaki kuuliza kwa sauti.

Kwa hivyo kanuni yangu ni kwamba kinachohusu uhai hakipangwi kwa Amdahl. Kinanunuliwa kwanza, hata kama hakiongezi dirisha moja kwa siku. Kama leo vijana wako wanapanda ngazi ya orofa ya pili na kujipinda kando ili wafikie kioo cha mwisho, basi ununuzi wako wa kwanza ni mpini, leo hii.

Lakini si lazima uwe mtambo wa 350,000. Mpini mfupi wa faibaglasi unaofika orofa ya pili ama ya tatu, pamoja na mtungi mmoja wa resini unaoungwa kwenye bomba la mteja, bila tangi wala pampu, unafanya kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya bei. Brashi moja inakunywa kama lita 60 hadi 120 kwa saa, na bomba la kawaida linaziweza. Ukishazoea, ukishajua maji ya wateja wako, ndipo ufikirie tangi. Na kumbuka tangi la lita 500 likijaa ni kilo 500. Hilo si jambo la kuweka nyuma ya Probox na kuteremka nalo Waiyaki Way. Lazima lifungwe kwenye chasi ya gari linaloweza kulibeba, kwa sababu breki ya ghafla hulileta mbele lote.

Kuna hatari moja ambayo wauzaji hawaitaji. Nyuzi za kaboni hupitisha umeme, na mpini wowote uliolowa maji machafu unaweza kuupitisha pia. Katika mitaa yetu mingi ya maghorofa nyaya za stima zimepita karibu na roshani, karibu kiasi cha mtu kuanika nguo zake juu yake. Kijana anayeinua mpini wa mita kumi akiwa ameangalia kioo hauoni waya. Kabla ya kazi yoyote, tembea kando zote za jengo ukiangalia juu. Ukiona waya unaofikika, upande huo usioshwe kwa mpini, na mteja aambiwe sababu.

Halafu kuna majengo marefu. Upper Hill imejaa vioo siku hizi. Jengo la Britam peke yake lina urefu wa mita 200. Kijana mwenye biashara ndogo akipita pale anaona pesa zinang'aa. Lakini mpini wa kazi za kila siku unaishia kama mita 20. Juu ya hapo ni kamba ama kizimba cha kuning'inia, na hiyo ni fani nyingine yenye mafunzo na vyeti. Mfanyakazi wa kamba hutegemea kamba mbili zilizofungwa mahali tofauti, moja ya kazi na moja ya akiba. Kamba ina tarehe ya kuzaliwa na ina siku ya kustaafu. Usinunue mkanda wa usalama wala kamba ya mtumba, hata iwe imeng'aa vipi, kwa sababu hujui ilianguka na nani. Ukipata zabuni ya jengo kama hilo, chukua orofa za chini, zilizobaki wape walio na vyeti, ujipatie asilimia yako na ulale usingizi.

KUKODI SI AIBU

Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Ni methali nzuri kwa nguo. Kwa vifaa vya kazi naiweka pembeni kidogo. Mwaka 2006 Amazon ilipoanza kukodisha kompyuta zake kwa saa kupitia intaneti, sisi watu wa programu tulipata uhuru ambao wazee wetu kwenye fani hii hawakuwa nao: kujaribu wazo bila kununua seva. Wazo likifa, unazima na kulipa ulichotumia. Likikua, unaongeza.

Jukwaa la chuma hukodishwa. Lori la mkono wa kuinulia watu hukodishwa kwa siku. Kama kazi inayohitaji kifaa fulani inakuja mara moja kwa miezi miwili, kodi, na gharama ya kukodi uiandike ndani ya bei ya mteja. Siku ile utakapoona umekikodi mara nyingi hadi jumla ya kodi ya nusu mwaka inakaribia nusu ya bei ya kukinunua, hapo daftari lako litakuwa limeshakuamulia. Huhitaji kunisoma mimi.

Na kabla mtu hajauliza: hapana, usininunue mimi pia. Biashara ya timu mbili haihitaji programu ya kuandikiwa. Ratiba ya wiki inaingia kwenye jedwali moja la kompyuta. Taarifa ya M-Pesa ya till yako tayari ni hifadhidata: inakuonyesha nani amelipa, lini, na nani alilipa mara moja akapotea. Yule aliyepotea ukimpigia simu leo ana thamani kuliko programu yoyote ningekuuzia.

MPANGILIO WANGU

Mtu akinilazimisha nitaje kwa mpangilio, nitasema hivi.

Kwanza, bima ya vijana, viatu visivyoteleza, ngazi nzima zisizofungwa kwa waya, na mpini mfupi pale ambapo leo mtu anajipinda.

Pili, vitu vidogo vinavyogusa kioo. Raba mpya kabla ya ile ya zamani kuanza kuacha mistari. Vitambaa safi. Wembe wa kukwangua utumiwe kwa uangalifu mkubwa kwenye vioo vilivyochomwa kwa joto, hasa majengo mapya yenye matone ya saruji na rangi, kwa sababu mkwaruzo mmoja kwenye kioo kikubwa unakula faida ya mwezi. Mwambie mwenye mjengo atie sahihi kabla hujagusa.

Tatu, kipimo cha TDS na daftari la dakika. Wiki mbili, kila timu iandike imefika saa ngapi, imeanza saa ngapi, imemaliza saa ngapi. Hakuna kingine.

Nne, panga njia na lango. Zile asilimia 24 za bure zichukue zote kabla hujalipia hata moja.

Tano, hesabu kazi unazozikataa. Zikifika siku kumi kwa mwezi kwa miezi mitatu mfululizo, na awamu tatu ziko akibani, nenda Sacco ukakope, ukanunue mtambo kwa moyo mkunjufu. Wakati huo hutakuwa unacheza bahati nasibu. Utakuwa unanunua kitu ambacho wateja wako wameshakilipia, ila pesa zinakuja kwa awamu.

Kuna vijana watasema huu ni woga, kwamba mkubwa hujitosa, kwamba chelewa chelewa utampata mwana si wako. Nawaelewa, kwa sababu kifaa kipya kinapendeza: kinapigwa picha, kinawekwa kwenye pikapu, jirani anaona umeendelea. Daftari la dakika halipigwi picha. Lakini vijana wale wanne hawalipwi mshahara kwa picha. Mkopo ukimshinda mwenye biashara, wa kwanza kukosa kazi si muuzaji wa mtambo wala karani wa mikopo. Ni yule anayeshika brashi, ambaye hakuulizwa maoni yake wakati wa kununua.

Kwa hivyo kabla ya kumuuliza muuzaji mtambo unaosha vioo vingapi kwa saa, waulize vijana wako swali moja jioni wakirudi: leo mmekwama wapi? Watakujibu bila kufikiri, kwa sababu wao hukwama hapo kila siku. Pesa yako ya kwanza ipeleke hapo.